Kufuli Ndani ya Diski

Diski ya harusi ilifunguka. Diski ya kwaya, iliyopigwa uwanjani na kuchomwa nyumbani kwa mpiga picha, ilifunguka. Hata zile za mkusanyiko, sinema ishirini ndani ya diski moja, zilizopangwa juu ya turubai pale Kariakoo, zilifunguka. Iliyogoma ni ile ya halali: yenye ganda lake gumu na karatasi yake ya rangi, iliyonunuliwa kwa pesa kamili huko Muscat, London au Chicago na kuja kwenye begi la mgeni. Ukiitia kwenye kompyuta yenye Linux, ama hupati kitu, ama unapata nembo ya studio na onyo la kutonakili, kisha filamu yenyewe inaanza kwa miraba ya kijani na waridi inayorukaruka, sauti inakatika, halafu kimya.

Sisi mafundi wa kompyuta tulioanza kazi Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 tuliliita hilo tatizo. Wateja waliliita ubovu, na baadhi yao wakakata shauri kwamba rahisi ghali: mfumo unaogawiwa bure hauwezi kuwa na nguvu. Nimelibeba jambo hili miaka yote hii kwa sababu hukumu ile haikuwa ya haki. Linux haikuwa na ubovu. Diski nayo haikuwa na ubovu. Diski ilikuwa ikifanya kazi ileile iliyoundiwa, na kazi hiyo ilikuwa kumkataa mtu wa aina yetu. Historia ya jinsi ilivyopata uwezo huo, na ya vijana walioutegua, inastahili kuandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ilifika hadi kwenye meza zetu za kazi Magomeni bila yeyote kutueleza ilikotoka.

Makampuni makubwa ya elektroniki yalikubaliana juu ya DVD Desemba 1995. Mashine za kwanza ziliuzwa Japani Novemba 1996, na Marekani mwaka uliofuata. Studio za Hollywood zilisita kuingiza filamu zao humo, na kusita kwao kulikuwa na sababu inayoeleweka. Kanda ya VHS ikinakiliwa hupoteza ubora; nakala ya nakala ya nakala ni ukungu mtupu, na ukungu huo ndio uliokuwa mlinzi wa studio. Diski ya kidijitali haina ukungu. Nakala ya mia ni sawa na ya kwanza. Studio zikadai kufuli kabla ya kutoa filamu, na Matsushita pamoja na Toshiba wakalitengeneza. Likaitwa Content Scramble System, kwa kifupi CSS.

Nieleze linavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Filamu ndani ya diski imegawanywa vipande vidogo vya baiti 2,048, na baadhi ya vipande hivyo vimevurugwa. Si vyote, ndiyo maana nembo na onyo vilionekana vizuri kwetu kabla ya vurugu kuanza. Ili kuvirudisha katika hali yake unahitaji ufunguo wa filamu. Ufunguo wa filamu umefungiwa kwa ufunguo wa diski. Ufunguo wa diski nao umeandikwa mara nyingi kwenye diski hiyohiyo, kila mara umefungwa kwa ufunguo tofauti, mmoja kwa kila kundi la mashine zilizopewa leseni. Deki yako ya Sony au Panasonic imezaliwa na ufunguo wake tumboni. Inatafuta mahali pake kwenye orodha, inafungua, inaendelea. Kwenye kompyuta pana hatua moja zaidi: programu lazima kwanza ijitambulishe kwa draivu kwa kubadilishana namba za siri, na isipojitambulisha vizuri draivu hainyanyui mkono kutoa funguo.

Sasa angalia ni nani anayezuiwa na mpango huo. Mwenye kiwanda cha kukandamiza diski anaweza kunakili kila baiti, kufuli na funguo zote zikiwemo, na diski yake itacheza kwenye deki yoyote. Mpiga picha wa harusi hawezi kuweka CSS hata akitaka, kwa sababu diski tupu za kuchoma ziliuzwa sehemu ya funguo ikiwa imezibwa tangu kiwandani. Anayezuiwa ni mtu mmoja tu: yule anayetaka kutengeneza kifaa au programu ya kuonyesha filamu bila kusaini mkataba. CSS ililinda leseni ya mashine kuliko ilivyolinda filamu. Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya kulisoma jambo hili kwa miaka, na sijaona hoja ya kunibadilisha.

Leseni hizo kuanzia Desemba 1999 zilisimamiwa na chombo cha California kilichoitwa DVD Copy Control Association. Ulilipa ada, ukasaini, na ukaahidi kuficha ufunguo uliopewa. Kwa kampuni ya Windows hilo liliwezekana. Kwa Linux halikuwezekana hata kama mtu angekuja na fedha mkononi, kwa sababu programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa. Huwezi kuficha ufunguo ndani ya nyumba isiyo na kuta. Mkataba ule haukuitaja Linux kwa jina. Ulidai tu kitu ambacho Linux kwa asili yake haina, nacho ni siri.

Ndipo wapenzi wa Linux wakaanza kufanya kazi wenyewe. Mradi wao uliitwa LiViD, yaani video na DVD kwa Linux, na aliyeuongoza alikuwa mwanafunzi Mmarekani, Matthew Pavlovich. Derek Fawcus aliandika sehemu ya kujitambulisha kwa draivu, ile hatua ya kwanza niliyoitaja. Iliyobaki ilikuwa kufuli lenyewe.

Oktoba 1999 kufuli lilifunguka. Programu iliyolifungua iliitwa DeCSS, na jina lililoshikamana nayo ni la kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na miaka 15. Dunia nzima ilimwandika kama mtoto aliyevunja ulinzi wa Hollywood peke yake chumbani kwake. Haikuwa hivyo, na yeye mwenyewe hakudai hivyo. Walikuwa kikundi cha watu watatu kilichojiita MoRE. Mjerumani mmoja ambaye jina lake halikuwahi kutangazwa ndiye aliyeichambua programu ya kuonyesha DVD ya kampuni ya Xing na kukuta humo ufunguo ambao haukufichwa ipasavyo. Johansen alitengeneza sura ya programu na kuitoa hadharani. Mtu wa tatu alikuwa Uholanzi.

Kufumba na kufumbua, udhaifu wa ndani zaidi ukajulikana. Mwisho wa mwezi uleule Frank Stevenson, Mnorway mwingine, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba hata ufunguo wa Xing hauhitajiki. Ufunguo wa CSS una biti 40 tu, urefu uliokubalika chini ya sheria za Marekani za wakati ule zilizozuia kuuza nje usimbaji wenye nguvu. Tena mpangilio wake ulikuwa na mianya kiasi kwamba kompyuta ya kawaida ya nyumbani, Pentium III ya siku zile, iliupata ufunguo wa diski chini ya sekunde 20. Baada ya hapo kubatilisha ufunguo wa Xing hakukusaidia kitu. Mlango ulikuwa umelegea kwenye bawaba zake.

Januari 24, 2000, polisi wa kitengo cha uhalifu wa kiuchumi cha Norway, Økokrim, walifika nyumbani kwa familia ya Johansen wakachukua kompyuta zake na simu yake. Malalamiko yalikuwa yametoka Marekani, kwa chama cha studio na chombo cha leseni. Kesi ilichukua miaka. Mashtaka yalifunguliwa rasmi Januari 2002, na yakasikilizwa Oslo Desemba mwaka huo. Kifungu kilichotumika kilikuwa cha 145 cha sheria ya adhabu ya Norway, kilichotungwa dhidi ya mtu anayejipenyeza kwenye data isiyo yake. Mwendesha mashtaka, Inger Marie Sunde, aliomba kifungo cha nje cha siku 90.

Kulikuwa na hoja moja ya upande wa mashtaka, huko Norway na hata katika kesi ya New York nitakayoifikia, ambayo mwanzoni ilinisumbua nami. DeCSS ilikuwa programu ya Windows. Kama lengo lilikuwa kutazama filamu kwenye Linux, kwa nini waiandikie Windows? Jibu la Johansen lilikuwa la kiufundi kabisa, na fundi yeyote aliyeishi nyakati zile analielewa. Diski za DVD hupangwa kwa mfumo wa mafaili uitwao UDF, na Linux ya mwaka 1999 ilikuwa bado haijapata uwezo kamili wa kuusoma. Kwa hiyo ulilazimika kuifungua diski mahali panaposoma UDF, ukapata filamu isiyovurugwa, ndipo uijaribishie programu ya Linux inayojengwa. Unatengeneza kwenye benchi ulilonalo.

Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 7, 2003. Sababu yake ni ya wazi hata kwa asiye mwanasheria: aliyenunua diski kihalali ana haki ya kuona kilichomo, na haki hiyo haimfungi atumie mashine aliyochaguliwa na mwingine. Huwezi kuwa mwizi wa data yako mwenyewe. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa tena Desemba 22, 2003, na mwanzoni mwa Januari 2004 Økokrim ikatangaza kwamba haitaendelea.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Huko ilikuwepo sheria ya 1998, DMCA, inayokataza kusambaza chombo cha kupita kizuizi cha kiufundi, hata kama mwenye kukitumia ni mwenye mali. Studio zilishtaki jarida la wadukuzi liitwalo 2600 na mchapishaji wake, Eric Corley. Jaji Lewis Kaplan wa New York aliamua Agosti 17, 2000 kwamba jarida lisichapishe DeCSS wala lisiweke viungo vya makusudi kuelekea mahali inapopatikana. Kuhusu Linux alisema nia hiyo haibadili kitu mbele ya sheria. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye Novemba 2001. California ulifunguliwa msururu mwingine wa kesi. Pavlovich alishinda Novemba 2002 kwa hoja ya mamlaka ya mahakama, na chombo cha leseni kiliiacha kesi yake dhidi ya mshtakiwa mwingine, Andrew Bunner, Januari 2004.

Watu hawakukubali kwamba mistari ya msimbo inaweza kupigwa marufuku kama silaha, na upinzani wao ulichukua sura ambazo zingestahili makala yake. Profesa David Touretzky wa Carnegie Mellon, aliyetoa ushahidi mbele ya Kaplan, alifungua ukurasa wa maonyesho ya msimbo uleule kwa kila umbo: umeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, umechapwa kwenye fulana, umesomwa kwa sauti. Seth Schoen aliutunga kuwa shairi refu la beti fupifupi za mtindo wa Kijapani. Mwaka 2001 Phil Carmody alipata namba tasa yenye tarakimu 1,905 ambayo, ikigeuzwa kuwa faili lililobanwa na kufunguliwa, inatoa msimbo wa DeCSS. Mwaka uleule wawili wa MIT, Keith Winstein na Marc Horowitz, waliifupisha kazi nzima kuwa mistari saba. Swali la wote lilikuwa moja: ni wapi hasa mazungumzo yanapokoma na chombo haramu kinapoanza? Mahakama haikulijibu vizuri, na mimi naona hadi leo halijajibiwa.

Lakini kesi na fulana hazikuonyesha filamu kwa mtu. Zana tuliyoitumia sisi ilitoka Ufaransa. Wanafunzi wa École Centrale Paris walikuwa na mradi tangu 1996 wa kurusha matangazo ya televisheni ya setilaiti ndani ya mtandao wa chuo, walioubuni kwa sehemu ili kupata sababu ya kujengewa mtandao wenye kasi. Mradi huo, VideoLAN, uliruhusiwa na chuo kutoka chini ya leseni huria ya GPL Februari 1, 2001. Humo ndimo ilimozaliwa VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani ambayo leo iko karibu kila kompyuta ya Afrika Mashariki, na ndimo ilimozaliwa maktaba ndogo ya msimbo iitwayo libdvdcss, kazi ya Stéphane Borel, Sam Hocevar na wenzao.

Ubora wa libdvdcss ni kwamba haitegemei ufunguo mmoja ulioibwa. Inajaribu njia ya kawaida. Ikikataliwa, inaukokotoa ufunguo yenyewe kwa kutumia udhaifu ule alioufichua Stevenson. Programu inayotaka kusoma diski, iwe VLC, xine au MPlayer, inaiomba tu vipande vya filamu, nayo inavitoa vikiwa safi. Kuhusu menyu za DVD, mchango mkubwa ulitoka kwa wanafunzi wa chuo cha Chalmers nchini Sweden na programu yao Ogle. Kazi yao ndiyo iliyolea maktaba nyingine mbili, libdvdread na libdvdnav. Ukiiangalia orodha hii, Norway, Ujerumani, Ufaransa, Sweden, Hungary alikotoka mwanzilishi wa MPlayer, unaona kwamba waliotuwekea sinema kwenye skrini walikuwa wanafunzi na vijana waliofanya kazi bila mshahara, wengi wao hawajawahi kuonana.

Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilitokea Oktoba 2004, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Uliomba CD mtandaoni, ikatumwa bure kwa posta hadi kwenye S.L.P. yako, na utaratibu huo uliendelea hadi 2011. Kwetu ulikuwa mvua ya masika. Mwaka uleule wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ghafla fundi mdogo aliweza kumpa mwalimu, katibu wa kikundi au mwanafunzi kompyuta kamili, halali, isiyo na virusi, bila leseni ya kuiba. Nilijivunia kila niliyoikabidhi.

Kisha mteja anarudi na diski ya filamu.

Namkumbuka mwalimu mmoja wa sekondari aliyefika na filamu za wajukuu alizoletewa na shemeji yake kutoka Muscat. "Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia, naye baada ya kuitika akaziweka mezani moja moja, akaniuliza kwa upole ulioniuma zaidi ya ukali: "Fundi, mwanangu, hii mashine yako inaonyesha za wachuuzi, za dukani haionyeshi. Kwa nini?" Sikuwa na jibu fupi. Nilichokuwa nacho ni dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa imehifadhiwa mahali pa ajabu. Ubuntu, kwa hofu ya sheria za Marekani na nchi nyingine, haikuweka libdvdcss kwenye CD wala kwenye hazina yake. Lakini ndani ya folda ya nyaraka ya libdvdread3, chini ya /usr/share/doc, mahali ambapo mtu huenda kusoma leseni na historia ya matoleo, palikuwa na faili la amri liitwalo install-css.sh. Ukiliendesha kwa amri ya sudo, linakwenda nje ya hazina, linaivuta libdvdcss na kuisimika. Hakuna kitufe kilichoelekeza huko. Ilibidi mtu akuambie, nawe umwambie mwingine, na hivyo ndivyo maarifa hayo yalivyotembea Dar es Salaam, kutoka fundi hadi fundi.

Tena faili lile la amri lilihitaji intaneti, na kabla ya nyaya za baharini kutufikia, kebo ya SEACOM ikianza kazi Julai 2009, kompyuta nyingi za wateja hazikuwa na intaneti kabisa. Faili la libdvdcss lenyewe lilikuwa dogo, lingetosha hata kwenye diskete. Unakwenda kwenye kafe ya intaneti, unalishusha, unalibeba kwenye flashi, unalisimika kwa dpkg. Mafundi waangalifu walitembea na flashi yenye libdvdcss pamoja na maktaba zake kama vile walivyotembea na bisibisi.

Mara nyingi hiyo ilitosha. Isipotosha, ulitazama mambo mawili. La kwanza ni picha kukatakata ilhali rangi ziko sawa. Hapo kufuli limekwisha kufunguka. Kinachokosekana ni njia ya haraka ya kupeleka data kutoka draivu hadi kwenye kumbukumbu bila kuichosha prosesa. Njia hiyo, DMA, wakati mwingine ilikuja ikiwa imezimwa, nawe uliiwasha kwa amri ya hdparm -d1 /dev/hdc, na filamu ikaanza kutiririka.

La pili lilikuwa zito zaidi, nalo linatuhusu sisi wa pwani kuliko wengi. Studio ziliigawa dunia katika maeneo sita ili zipange tarehe na bei za kila soko. Marekani na Canada ni namba 1. Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati, Oman ikiwemo, ni namba 2, pamoja na Afrika Kusini na Misri. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki tuliwekwa namba 5, pamoja na Urusi na India. Aliyechora mipaka hiyo hakufikiria kwamba familia moja inaweza kuwa na kaka Muscat, shangazi Leicester na wazazi Tanga. Diski ya zawadi ilisafiri kwa undugu, ikakuta draivu iliyopangwa kwa soko. Draivu zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zilishikilia namba ya eneo ndani yake zenyewe, na ziliruhusu ibadilishwe mara tano tu. Baada ya hapo inaganda. Nyingine zilikuja mpya kabisa bila namba yoyote, zikakataa kila diski yenye kufuli hadi uzipange kwa programu ndogo iitwayo regionset. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu nilimuuliza mteja: ndugu zako wako wapi? Kwa mwalimu yule jibu lilikuwa Muscat. Tukaipanga namba 2, na filamu zake zikaonekana.

Walikuwepo pia walioleta njia ya leseni kwenye Linux. Dell iliuza kompyuta zenye Ubuntu na programu ya LinDVD mwishoni mwa 2007, Canonical, kampuni ya Ubuntu, ikauza PowerDVD mwaka uliofuata. Hazikudumu, wala hazikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya fundi wa Magomeni. Hataza za MPEG-2 (ubanaji wa video unaotumika kwenye DVD), kizuizi kingine kilichowafanya wagawaji wa Linux waogope, ziliisha Marekani Februari 2018. Kufuli la CSS halina tarehe ya kuisha. Marekani hupokea maombi ya msamaha wa DMCA kila baada ya miaka mitatu. Walimu na watengenezaji wa filamu za hali halisi walipata nafuu yao; ombi la mtu wa Linux anayetaka tu kutazama diski yake lilikataliwa. Sam Hocevar, mmoja wa walioandika libdvdcss, alichaguliwa mwaka 2007 kuongoza mradi wote wa Debian, toleo jingine la Linux, na bado hadi leo libdvdcss haimo katika hazina kuu ya Debian. Kuna kifurushi cha kando, libdvd-pkg, kinachokwenda kuichukua kwa VideoLAN na kuijenga kwenye mashine yako. Ni mtoto wa install-css.sh, mwenye adabu zaidi na amri fupi zaidi.

Nayaeleza haya leo kwa sababu wakati unatupa mgongo. Kompyuta mpakato mpya hazina draivu tena. Vijana wanaoingia kwenye ufundi sasa hawajawahi kuiona ile miraba ya kijani, na wakiletewa diski watasema imeharibika. Huenda haijaharibika. Kabatini mwa nyumba nyingi za Dar, Mombasa, Zanzibar na Tanga zimo DVD halali, zilizonunuliwa kwa jasho na ndugu walio mbali, ambazo hazijawahi kutazamwa hata mara moja kwa sababu mashine ya siku ile ilikataa na hakukuwa na wa kuuliza.

Ukiwa nazo, zitoe. Tafuta draivu ya nje ya USB ungali unaipata, itie kwenye kompyuta yenye Ubuntu au Debian, na simika vlc na libdvd-pkg. Kwa Debian uruhusu kwanza sehemu ya hazina iitwayo contrib. Kisha andika sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg na ukubali maswali yake. Draivu ikikataa, angalia namba ya eneo kabla ya kuilaumu diski. Na wewe fundi kijana, akija mzee na diski ya zamani iliyogoma, usimwambie anunue nyingine wala usimwambie Linux haiwezi. Mweleze kwamba aliilipia, kwamba ni yake, kisha umfungulie.